HPV ilikutwa kwangu, wataalamu wakatofautiana

Niliahirisha kupima mlango wa kizazi miaka sita kwa sababu ya kile chombo cha kupanulia uke. Mara ya mwisho kiliniumiza, nikaapa sirudi. Nilirudi nikiwa na miaka 39, baada ya kusikia kwamba kipimo cha HPV, kirusi kinachoenezwa kwa ngono na kinachoweza kusababisha saratani ya mlango wa kizazi, unaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Unaingiza kijiti chenye pamba ukeni, unakizungusha taratibu, unakitia kwenye kichupa. Nilimaliza kabla hofu haijanishika.

Majibu: HPV ipo, ila si aina ya 16 wala 18, zile mbili zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Muuguzi alitaka nitibiwe palepale kwa kuunguzwa kwa joto, hata kama hakuna kidonda kinachoonekana. Alisema ameona wengi wakitoka mlangoni wasirudi tena. Daktari akasema tuangalie kwanza, maana kirusi si saratani, na wengi miili yao hukiondoa yenyewe ndani ya miaka miwili.

Nilikasirika sana. Nimsikilize nani? Kumbe wote walikuwa sahihi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaruhusu njia zote mbili kwa mwanamke asiye na VVU. Mwenye VVU ndiye anayeshauriwa aangaliwe kwanza. Basi swali likabaki kwangu: nikiondoka, nitarudi? Nilijua nitarudi, nikachagua kuangaliwa.

Chombo nilichokikimbia nikakutana nacho tena. Safari hii nilimweleza daktari yaliyonipata zamani, nikaomba kidogo kuliko vyote, tukakubaliana nikiinua mkono anasimama. Niliinua mara mbili, akasimama mara mbili. Akapaka siki kwenye mlango wa kizazi, tukasubiri dakika moja. Hapakuwa na weupe wowote, yaani hapakuonekana dalili ya seli zilizobadilika. Akaniambia nirudie kipimo cha HPV baada ya miezi 24.

Kilichonielemea zaidi ni kumwambia mume wangu. Nilimweleza kwamba kirusi hiki kinaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi, hivyo hakuna anayeweza kusema kililetwa na nani wala lini. Hakujibu neno usiku ule. Asubuhi akaniuliza kama binti yetu, mwenye miaka 11, ameshapata chanjo ya HPV. Hakuwa ameipata. Alichanjwa mwezi uleule, naye baba yake ndiye aliyempeleka.

Miezi 24 ilipotimia nilijichukulia sampuli tena. HPV haikuonekana.