"Leo taslimu, kesho mkopo"

Kibao hiki ukutani mwa duka la mtaa hakipitwi na wakati, maana ukija kesho utakikuta bado kinasema kesho! Wateja hucheka, lakini hesabu yake ni nzito. Chukulia kilo ya sukari uliyoinunua 2,600 unaiuza 2,800. Faida ni 200. Kilo moja ikikopwa isilipwe, inabidi uuze kilo 13 kwa taslimu ndipo urudishe mtaji wake tu.

"Kukopa harusi, kulipa matanga" wenye maduka wanaijua. Wanayoisahau ni "mali bila daftari hupotea bila habari", na hapo ndipo wengi wanapoangukia. Kuandika "Mama Asha 3,500" hakutoshi, kwani mtaani Mama Asha wako wanne. Andika tarehe, jina na nyumba, bidhaa na kipimo (unga kilo 2, mafuta robo lita), bei, na aliyetumwa kuchukua. Mtoto akitumwa, mwambie mzazi siku hiyohiyo. Ugomvi mwingi wa mwisho wa mwezi huanzia kwenye "mimi sikumtuma". Tumia kalamu ya wino, na mtu akilipa nusu usifute deni la zamani: andika alicholipa na salio chini yake, mbele yake.

"Nitapitisha jioni" maana yake ni jioni fulani, kalenda haijaitaja. Muulize hapohapo, "Jioni ya lini?", kisha iandike tarehe hiyo akiona.

Mwenye deni la zamani asiongezewe jipya, hata akiwa shemeji.