Kukarabati vinyunyizio vya bustani kwenye udongo wa mfinyanzi

Bustani nyingi za nyasi hapa Iringa mjini, kuanzia Wilolesi na Gangilonga hadi Kihesa, zimeoteshwa juu ya udongo mwekundu wa mfinyanzi, ule ule unaofyatuliwa tofali za kuchoma. Wenye bustani zenye vinyunyizio hulalamikia mambo mawili yanayoonekana kupingana: kwamba nyasi zinakauka, na kwamba maji yanatiririka hadi barabarani. Nimeukarabati mfumo wa nyumbani kwangu kipande kwa kipande, nikawasaidia na majirani kukarabati ya kwao, na leo ninaamini kwamba malalamiko hayo yana chanzo kimoja, nacho ni kwamba kinyunyizio kinamwaga maji kwa kasi kubwa kuliko udongo unavyoweza kuyanywa. Ukarabati usiogusa jambo hilo, hata ukiwa wa gharama kubwa kiasi gani, utakurudisha pale pale kiangazi kinachofuata.

Takwimu zinaeleza vizuri. Mfinyanzi mzito, ukishalowana, hunywa kati ya milimita 1 na 5 tu za maji kwa saa, ilhali udongo tifutifu wenye mchanga hunywa kati ya 20 na 30. Vinyunyizio vya kuchomoza vyenye nozeli (ncha ya kutolea maji) isiyozunguka, ambavyo ndivyo vilivyofungwa katika nyumba nyingi, humwaga kati ya milimita 35 na 50 kwa saa. Dakika chache za mwanzo udongo mkavu hupokea maji kwa pupa kupitia nyufa zake. Baada ya hapo chembe zake huvimba, nyufa hujifunga, na kila tone linaloongezwa hutafuta mteremko. Mizizi iliyo sentimita 10 chini hubaki na kiu huku juu kumetanda tope.

Msomaji wa Mbeya auangalie kwanza udongo wake kabla ya kunifuata. Maeneo yanayouzunguka Mlima Rungwe yana udongo wa volkano, mwepesi na wenye vipande vya pumisi, yaani jiwe jepesi lenye vitundu, ambao hupitisha maji haraka, na ushauri utakaoutoa huko hautafaa huku. Kwenye bonde la Usangu, kinyume chake, kuna udongo mweusi wa mbuga unaopasuka nyufa za kuingiza mkono. Njia ya kujua ni rahisi: chukua gao la udongo wenye unyevu, uviringishe kati ya viganja mpaka uwe kamba nyembamba, kisha uikunje iwe pete. Pete ikishikana bila kukatika, una mfinyanzi.

Kabla ya kununua chochote, pima mfumo ulio nao. Panga makopo yanayofanana, yenye pande zilizonyooka, katika sehemu mbalimbali za bustani, fungulia maji kwa dakika 10, kisha pima kwa rula kina cha maji katika kila kopo na uzidishe kwa 6. Hiyo ndiyo milimita kwa saa. Tofauti kubwa kati ya kopo na kopo itakuonyesha nozeli iliyoziba, kichwa kilichoinama, au eneo ambalo vinyunyizio havifikiani. Ningemsihi kila mtu afanye kipimo hiki kabla ya kumwita fundi, kwa sababu bila hicho mazungumzo yote huishia kwenye pampu. Fundi mmoja alipokuja kwangu aliangalia vinyunyizio vikitoa maji kwa unyonge akasema, "Mama, hapa tatizo ni presha. Tuweke pampu kubwa." Ni mtu mwenye bidii, na presha kweli ilikuwa ndogo, lakini hesabu ilikuwa inasema jambo jingine.

Chukua bustani ya mita za mraba 150. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Nozeli zinazomwaga milimita 40 kwa saa, zikifunguliwa zote pamoja, zinahitaji lita 6,000 kwa saa, yaani lita 100 kila dakika. Pampu ndogo ya nyumbani yenye nguvu ya nusu farasi haiwezi kutoa kiasi hicho kwa presha inayotakiwa, na ndiyo maana vichwa vilichomoza nusu. Ukinunua pampu kubwa, utafanikiwa kumwaga lita hizo 100 kwa dakika juu ya udongo usioweza kunywa hata sehemu ya sita ya maji hayo. Ukibadilisha nozeli zikawa za kuzunguka, zinazotoa vijito vyembamba badala ya ukungu, kiwango hushuka hadi milimita 10 au 12 kwa saa, na bustani ile ile inahitaji lita 30 tu kwa dakika. Ukiigawa katika kanda mbili zinazopokezana, kila kanda inahitaji lita 15. Pampu iliyokuwa inalaumiwa huenda ikatosha.

Nitarudi kwenye nozeli. Kwanza mabomba, maana hakuna faida ya kuweka nozeli nzuri kwenye bomba linalovuja.

Mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na mwendo huo hauachi bomba salama. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Kuanzia hapo ardhi hukauka mfululizo, na ifikapo Septemba na Oktoba nyufa zimefunguka kiasi cha kuvuta maungio ya bomba la PVC mpaka yaachane. Kwa sababu hiyo wakati mwafaka wa kukarabati ni mwezi Mei. Masika yamekwisha, udongo bado una unyevu wa kuchimbika kwa jembe na chepe, na mtaro haujai maji. Ukingoja Agosti utahitaji sururu, na sururu hutoboa bomba ulilokuja kuliponya. Ukiwahi Februari, gundi ya PVC haitashika, kwa kuwa inahitaji bomba safi na kavu.

Kutafuta mvujo kwenye mfinyanzi kunahitaji subira, kwa sababu dimbwi halionekani mahali bomba lilipopasuka. Maji hufuata mtaro wa zamani, ambao udongo wake uliolegezwa hupitika kuliko kuta zake, na huibukia mita kadhaa chini, mara nyingi chini ya mti au kando ya ukuta. Hivyo funga kila koki ya ndani, acha valvu ya bustani wazi huku vinyunyizio vimezibwa, na utazame kigurudumu kidogo cha mita ya maji. Kama mfumo unatumia pampu na tangi, weka alama kwenye kimo cha maji ya tangi na usubiri saa moja. Ukithibitisha kwamba kuna mvujo, acha bustani ikauke kwa siku kadhaa, fungulia maji, na uanze kuchimba upande wa juu wa unyevu wa kwanza kuonekana.

Ukishaliona tundu, chimba zaidi, angalau sentimita 15 chini ya bomba, ili maji machafu yatuame humo badala ya kuingia ndani ya bomba utakapolikata. Tope la mfinyanzi likiingia, litakwenda moja kwa moja kwenye chujio na nozeli, na utatumia wiki nzima kuzisafisha. Kata kipande chote kilichopasuka, futa, acha pakauke, paka gundi kwenye bomba na kwenye soketi, sukuma huku ukizungusha kidogo, na usifungulie maji siku hiyo. Kesho yake ondoa nozeli zote na usukume maji yatoke wazi, ukianza kurudishia zilizo karibu na pampu na kumalizia ya mwisho kabisa, ili uchafu wote utoke mwisho wa bomba.

Kufukia nako kuna utaratibu wake. Lizungushie bomba mchanga wa sentimita 5 hadi 10, chini, ubavuni na juu, ili udongo unapovimba usilibane moja kwa moja. Lakini bustani yenye mteremko, kama zetu za Wilolesi, haitakiwi kuwa na mchanga mfululizo kutoka juu hadi chini, kwa sababu mchanga huo utageuka mfereji wa siri. Kila baada ya mita chache acha kizuizi cha mfinyanzi ulioshindiliwa. Kisha rudisha udongo kwa matabaka ukiwa na unyevu kiasi, shindilia kila tabaka, na uache mwinuko mdogo juu, kwa kuwa utashuka tu.

Vichwa vya vinyunyizio navyo huzama na kuinama, hasa pale gari au watoto wanapopita. Kichwa kilichofungwa moja kwa moja juu ya bomba gumu kikikanyagwa huvunja tii, yaani kiungio chenye umbo la T, iliyo chini yake. Dawa yake ni kipande cha bomba laini, la poly, chenye urefu wa sentimita 30 hadi 45 kati ya bomba kuu na kichwa, ili kichwa kiweze kusogea bila kuvunja kitu. Ninakipenda kipande hiki kuliko vifaa vyote vya mfumo mzima. Ni cha bei ndogo, na kimezuia uharibifu mwingi katika bustani yangu.

Sasa nozeli. Nozeli za kuzunguka kwa kawaida hufungika kwenye miili ya vinyunyizio vya kuchomoza vilivyopo, mradi tredi zinalingana. Kwa hiyo nenda dukani na moja ya zamani mkononi. Usichanganye za kuzunguka na zisizozunguka katika kanda moja, kwa sababu upande mmoja utapata maji mara tatu au nne ya mwingine ndani ya muda ule ule. Za kuzunguka zinahitaji presha nzuri, takriban mita 28 za kimo, yaani presha inayoweza kupandisha maji mita 28, wakati zisizozunguka hufanya kazi vizuri kwenye mita 20. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 3 linatoa mita 3 tu, kwa hiyo pampu ni lazima. Unaposoma kibandiko cha pampu kumbuka kwamba kimo cha juu kabisa na wingi wa juu kabisa wa maji haviji pamoja: pampu iliyoandikwa mita 35 na lita 35 kwa dakika hutoa lita hizo pale tu ambapo haipandishi maji, na ikifika mita 35 haitoi kitu. Kilicho muhimu ni lita ngapi inatoa kwenye mita 28, na muuzaji mwenye jedwali la pampu atakuonyesha.

Kama mfumo umeunganishwa kwenye maji ya mamlaka bila tangi, weka valvu inayozuia maji kurudi nyuma. Mgao ukikata maji, bomba huvuta, na kichwa kilichozama katika dimbwi lenye samadi kinaweza kuingiza uchafu kwenye maji ya kunywa ya nyumba. Hapo sioni nafasi ya kubana matumizi.

Hata milimita 12 kwa saa bado ni nyingi kwa mfinyanzi mzito, kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya ratiba. Mimi ninamwagilia dakika 15, ambazo ni milimita 3, kisha ninaacha udongo unywe kwa saa moja kabla ya kurudia. Mizunguko minne kwa usiku mmoja ni milimita 12. Usiku mara mbili kwa wiki ni milimita 24, zinazotosha ukoka hata mwezi wa Oktoba. Kwa bustani ya mita za mraba 150 hizo ni lita 1,800 kwa usiku, na tangi la lita 2,000 linazibeba. Taima ya bei nafuu inaweza kupangwa hivyo, ila chagua yenye betri ya akiba, vinginevyo umeme ukikatika itasahau saa na kumwagilia mchana, wakati ule upepo wa Agosti na Septemba unabeba maji hadi kwa jirani. Kanda ikigoma kufunguka, pima waya za valvu ya umeme kwa maltimita, kifaa cha kupimia umeme: kati ya omu 20 na 60 ni salama, karibu na sifuri koili imeungua, na namba isiyo na mwisho ni waya uliokatika. Kwenye mfinyanzi mara nyingi ni waya, kwa sababu maungio hukaa kwenye unyevu muda mrefu na kuota kutu; yaunge ndani ya vifuniko vyenye jeli.

Udongo wenyewe unaboreka polepole. Utoboe kwa uma wa bustani mwanzoni mwa kiangazi, kisha utandaze mboji iliyochekechwa, kina cha nusu sentimita hadi moja, kila mwaka. Usichanganye mchanga kidogo kidogo kwa matumaini ya kuulainisha, maana mfinyanzi wenye mchanga kiasi huwa mgumu zaidi. Jasi nayo husaidia udongo wenye chumvi ya sodiamu nyingi tu; pima kwanza, kwa mfano kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Ninaandika haya kwa msisitizo kwa sababu maji yetu yana njia yake. Ruaha Mdogo, unaopita Ipogolo, unakwenda kujiunga na Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa. Bustani haina haki ya kumwaga barabarani maji ambayo bonde zima linayahitaji, na mwenye bustani anayo njia ya kuzuia hilo kwa nozeli chache na taima moja.

Mvua ya kwanza ya Novemba isikufanye uzime kila kitu, kwani mara nyingi hufuatwa na wiki kavu. Punguza mizunguko iwe miwili, chimba kidogo kwa kisu, na uangalie unyevu umefika wapi. Ukiwa umefika sentimita 15, zima taima, safisha chujio, na uache mfumo mpaka Mei.