Mimbari na Sanduku la Kura

Mwaka 2010, maaskofu na wachungaji wengi wa Kenya waliwahimiza waumini waikatae Katiba mpya, wakipinga kifungu kinachogusa utoaji mimba na kutambuliwa kwa mahakama za Kadhi. Hata hivyo, katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti, takriban asilimia 67 ya wapiga kura waliikubali, ingawa Wakenya walio wengi ni Wakristo. Sioni kosa kiongozi wa dini akieleza jambo linalogusa imani yake, kwani naye ni raia. Ninachokipinga ni kumnadi mgombea madhabahuni (hasa pale mchango wake wa harambee ulipokwisha kutangulia), kwa sababu muumini hana nafasi ya kumjibu mhubiri katikati ya ibada.