Nilivyompeleka mama mwenye magoti mabovu kwenye ziwa la chini ya ardhi, Tennessee

Mama yangu ana miaka 68, magoti yote mawili yanamsumbua, na mwaka jana ndo alikuja Marekani kwa mara ya kwanza akitokea Tanga. Wiki mbili za kwanza ziliishia madukani na kwa ndugu ndugu hapa Atlanta, ya tatu akaniambia mwanangu mie nimechoka kuonyeshwa maduka, kwani huku hakuna kitu alichokiumba Mungu mwenyewe? Nikacheka ila yalinichoma, maana kweli tulikuwa tunamzungusha tu.

Binti yangu wa miaka tisa ndo akasema twende Lost Sea, alishawahi kuona picha zake. Nikamwambia mama kuna pango huko Tennessee watu wanaenda kutembea. Mama akanitazama. Pango? Mie nimekulia Kiomoni, Amboni pale nilikuwa napita naenda kuokota kuni, leo nisafirishwe kwa ndege nije nione pango? Nikamwambia hili lina ziwa ndani, watu wanapanda boti. Akanyamaza kidogo. "Ziwa, ndani ya pango?" Hapo nikajua nimempata.

Sasa kwa wasiopajua, Lost Sea iko Sweetwater, mji mdogo tu upo kati ya Chattanooga na Knoxville, kutoka Atlanta unapanda barabara kuu ya 75 kwenda kaskazini mpaka exit 60 halafu unaingia barabara ya 68 maili chache. Sisi ni masaa matatu na kitu ukiweka na kusimama chooni, na ukiwa na mama wa miaka 68 na watoto wawili utasimama. Pango lenyewe jina lake la zamani ni Craighead Caverns, ziwa liko karibu mita 43 chini ya ardhi, sehemu inayoonekana ina urefu wa mita 240 hivi na upana kama 67, yaani kama ekari nne hivi za maji chini ya mlima. Na hapo wazamiaji wameshaingia chini ya maji wakakuta vyumba vingine vimejaa maji, wamepima zaidi ya ekari 13 na mwisho hawajauona.

Watu wengi wakipanga safari kitu cha kwanza wanaangalia bei. Mie kitu cha kwanza niliangalia ngazi. Magoti ya mama ngazi hayataki kabisa, nyumbani kwangu tu chumba chake tulikihamishia chini. Nikakuta kule ndani njia ni pana na ni ya miteremko, ila kwenda na kurudi ni karibu kilomita moja na robo na mteremko mwenyewe ni mkali, unashuka kwanza, ziwa liko mwisho, halafu ule mlima wote ulioushuka ndo unaupanda kurudi. Hapo ndo watu wanapigwa chenga. Mtu anashuka anacheka anapiga picha, wakati wa kurudi ndo anagundua alikuwa anakopa.

Kwaiyo tulifanya mazoezi, msicheke. Nyuma ya mtaa wetu kuna barabara ina kilima kizuri tu, kila jioni jua likipoa namchukua mama tunashuka taratibu tunapanda taratibu, siku ya kwanza tulifika nusu akasema basi leo yatosha, siku ya nane akawa anapanda mpaka juu na kunisimulia habari za majirani wa Tanga humo humo njiani. Nikamnunulia raba zenye soli ya kushika, maana alitaka kwenda na makubazi yake, nikamwambia mama kule chini kuna unyevu utateleza. Fimbo alikataa. Fimbo ya wazee hiyo, akasema. Nikaiweka kwenye buti ya gari kimya kimya.

Kitu cha pili ni baridi. Tulienda mwezi wa saba, nje joto lile la kusini linalokushika shingoni, ila ndani ya pango mwaka mzima ni nyuzi 14 tu, haijalishi nje kuna theluji au jua. Kwa mtu wa Tanga nyuzi 14 ni friji. Kila mtu akabeba sweta, mama akavaa sweta mbili na kanga juu, na soksi nzito. Watu wa pale walikuwa wamevaa kaptura na singlendi, wengine niliwaona kule chini wamejikunyata wanajisugua mikono, mama akaniguza begani akasema kwa sauti ya chini "hawa hawana mama?"

Siku tulichagua Jumanne, kwasababu Jumamosi za kiangazi watu ni wengi na Ijumaa mama hataki safari. Chakula tulipika chetu, usiku nilikaanga maandazi na katlesi, chapati kwenye hotpoti, chai ya tangawizi chupa mbili kubwa. Pale kuna sehemu ya kula na vijiduka vya nyumba za magogo, aiskrimu ipo, ila kwa sisi tunaotafuta halali ni bora ubebe kuliko kusimama kwenye kaunta unauliza maswali kumi huku watoto wana njaa.

Mpaka hapo naona nimepanga kama mtu wa benki. Sasa sikiliza.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Nashville. Aliposikia mama mkubwa wake anaenda Tennessee akasema haiwezekani apite mkoani kwangu nisimuone, nakuja. Nikamwambia tukutane saa nne kamili asubuhi pale getini. Akasema saa nne dada, bila wasiwasi. Sisi tuliondoka Atlanta baada ya swala ya alfajiri, saa kumi na moja na nusu, tukafika saa tatu na robo wenyewe ndo wamefungua, paking tupu, raha mustarehe. Saa nne ikafika, jamaa hayupo. Saa nne na robo nampigia hapatikani, mtandao huko milimani unakuja na kuondoka. Tiketi nimeshanunua na kundi letu limeshaitwa. Nikamwambia mama tuingie yeye atakuja na kundi la nyuma. Mama akaketi kwenye benchi. "Siingii shimoni na mtoto wa mdogo wangu yuko njiani."

Saa nne na dakika arobaini na tano anashuka kwenye gari anatabasamu. Shikamoo mama mkubwa. Dada, nimewahi robo saa nzima!

Kumbe Tennessee ina saa za aina mbili. Nashville na upande wote wa magharibi wako nyuma lisaa limoja, Sweetwater iko upande wa mashariki inaenda na saa za Atlanta. Yeye saa yake ilikuwa inamwambia saa tatu na dakika arobaini na tano. Anaishi jimbo hilo miaka sita! Mama alicheka mpaka akatoa kanga kufuta machozi, na mpaka leo wakiongea kwa simu lazima amuulize "sasa hivi ni saa ngapi, yako au ya dada yako?" Kwahiyo ukikutana na mtu anayetokea Nashville mwandikie saa na umwambie ni saa za wapi.

Ila kuchelewa kule kulitusaidia bila kujua. Lile kundi la kwanza lilikuwa vijana watupu wanatembea mbio mbio, letu la pili tuliingizwa na watoto wa kambi ya likizo, wadogo wadogo, wanasimama kila hatua kuuliza swali. Mwongozaji ikabidi aende mwendo wa kobe, mwendo wa mama yangu kabisa.

Unaingilia kwenye bomba refu la chuma la rangi ya njano linashuka kuelekea chini. Mama alivyoliona akasema aah kumbe na huku wana bomba la mafuta kama la Chongoleani. Ikabidi nimweleze mdogo wangu kwamba kule kwetu bomba la kutoka Hoima Uganda linaishia pale, tukawa tunaongea mafuta ghafi wakati tunashuka pangoni Tennessee.

Mwongozaji alikuwa kijana mwenye maneno, mie nikawa natafsiri kwa mama huku natembea, kazi ngumu kuliko kupanda mlima. Akatuonyesha walipokuwa wanachimba udongo wa kutengenezea baruti wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la kusini lilikuwa linautoa humu, na ukutani kuna mwaka 1863 umeandikwa kwa moshi wa mwenge. Mwaka 1939 walikuta humo mifupa ya jagwa, yule chui mkubwa wa Marekani, mnyama aliyepotelea gizani akashindwa kutoka inakadiriwa miaka elfu 20 iliyopita. Kuna sehemu palikuwa baa, watu wakicheza muziki na kunywa chini ya ardhi, mama hakutaka nitafsiri zaidi. Na juu ukiangalia kuna vimaua vya mawe vyembamba kama miiba ya nungunungu, usiguse, mafuta ya vidole yanaviua. Mama akawa anatafuta mzimu uko wapi. Amboni pale watu mpaka leo wanapeleka ubani na vitu vyao kwa mzimu, na tukiwa wadogo tulikuwa tunaambiwa pango linatokea Mombasa. Nikamuuliza kijana kama hili lina hadithi ya kutokea mahali, akasema hawajui mwisho wake. Mama akatikisa kichwa, "basi linatokea Mombasa."

Stori aliyoipenda ni ya yule mtoto. Mwaka 1905 mtoto wa miaka 13 anaitwa Ben Sands alitambaa kwenye kitundu chenye tope, kimembana, akatokea kwenye giza kubwa taa yake ikawa haifiki ukuta wa pili. Akawa anafinyanga matonge ya tope anarusha huku na huku, kila upande anasikia chubwi tu, ndo akajua kuna maji. Watoto wa kambi wote kimya. Mama akaniuliza, mama yake alikuwa wapi?

Wakazima taa dakika moja hivi. Giza lile hata la Kiomoni bila umeme halifiki, unaweka mkono mbele ya macho na haupo. Nikasikia mama anasoma aya taratibu, na mkono wa binti yangu unanitafuta, na mtoto mmoja wa kambi akaanza kulia, taa zikawashwa.

Halafu ziwa. Taa zimewekwa mpaka chini ya maji, yanaonekana kijani kama chupa, tulivu kabisa, dari iko juu kama msikiti. Unapanda boti ya umeme, haina kelele hata kidogo, na samaki wanakuja wenyewe, trauti wakubwa wakubwa waliopauka rangi, hawakuwemo humo zamani, wameletwa na wanalishwa kwasababu hakuna chakula humo. Kijana akarusha chakula, maji yakachemka. Mama aliinama akawatazama muda mrefu, mie nikasubiri aseme neno la hekima, akasema "hawa ukiwaweka nazi na ndimu..." Nikauliza kama watu wanavua, hapana, hairuhusiwi. Alisikitika kweli.

Kurudi sasa. Tangu mwanzo nilikuwa nimemwambia kijana kwamba mama ana magoti, akasema sawa kaeni mwisho msiwe na presha, na hilo ndo nawaambia na nyie, sema mapema kabla hamjashuka. Ule mlima wa kupanda tulisimama mara tano. Pembeni pana vyuma vya kushika, mama akashika upande mmoja na upande wa pili mdogo wangu wa saa mbili. Mara ya tatu kusimama akaniuliza kwa upole ile fimbo uliyoificha iko wapi. Kumbe aliiona. Iko kwenye gari mama. Akasema haya, ungeileta, nani alikwambia usiilete? Nilitamani kujibu lakini ni mama.

Tulitoka nje joto likatupiga kama tumefungua oveni, sweta zote zikavuliwa, tukatandika mkeka kwenye nyasi chini ya mti, tukaswali adhuhuri, mama kwenye kiti, halafu maandazi. Watoto wa kambi walipita wakanusa, mama akagawa nane bila kuniuliza, walimu wao wakashukuru sana. Mie ndo nikakosa. Mdogo wangu alikunywa chupa nzima ya chai akaanza kuangalia saa, akasema ngoja niwahi, nikirudi Nashville nitapata lisaa langu bure.

Njiani mama alilala kuanzia Chattanooga. Usiku akampigia jirani yake Tanga, huko ilikuwa alfajiri, namsikia kutoka jikoni anamwambia nimepanda boti ndani ya mlima, samaki nimewaona kwa macho yangu, weupe, hawajawahi kuona jua, ila hawauzwi.