Kileleni kwa lifti, bawa mgongoni

Nimeshuka jioni hii vidole vikiwa bado na ganzi, na kuna jambo nataka kuliandika kabla sijalala.

Mlima wa kuteleza kwenye theluji unatufaa sana sisi wa paraglaida, tunaoruka kwa bawa la kitambaa linaloingia begini. Miti imekwisha kukatwa, miteremko iko wazi, na lifti ya viti inakupandisha na begi lako bila tone la jasho. Ndiyo maana sishangai kwamba David Barish, alipotaka kulijaribu bawa lake la kitambaa mwaka 1965, alikwenda Hunter Mountain, mlima wa kuteleza kwenye theluji katika jimbo la New York, Marekani. Aliamini huu ungekuwa mchezo wa kiangazi kwenye milima ya aina hiyo. Haukushika wakati ule. Ulikuja kushika Mieussy, Ufaransa, mwaka 1978, kwa wanaparachuti waliotaka kufanya mazoezi bila gharama ya ndege, wakaamua kukimbia mlimani mpaka miguu iache ardhi. Nawapenda watu wale bila kuwahi kuwaona.

Ila lifti inanifikisha juu kabla sijaijua siku. Ukipanda kwa miguu unakaa na upepo muda mrefu. Unausikia shavuni, unajua kama unakuja kwa vishindo au umetulia, na njia inapozunguka upande wa pili unaona umegeukia wapi. Kwenye lifti ni dakika chache tu, uso umefunikwa shali.

Wenzetu wa hangiglaida wana bahati ambayo pengine hawaioni. Bawa lao ni mabomba ya alumini na kitambaa, kama mita 10 kutoka ncha hadi ncha, na kuliunganisha si kazi ya kukimbiza. Huku wakichomeka fito moja moja, macho yao yako angani. Mimi natandaza kitambaa, nakagua kamba, najifunga mikanda, nipo tayari. Wepesi huo ndio unaonitia wasiwasi, kwa hiyo nimejiwekea desturi ya kukaa kwanza, begi likiwa bado limefungwa.

Leo desturi hiyo imefanya kazi yake. Soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unatoka wapi, pale tunaporukia ilionyesha upepo wa usoni, mwanana, wa kutamanisha. Lakini juu yetu, ukingoni mwa kilele, unga wa theluji ulikuwa unapeperuka kutoka nyuma ya mlima. Maana yake upepo wenyewe ulikuwa wa mgongoni, na ule wa kwenye soksi ulikuwa hewa inayojiviringisha baada ya kuvuka kilele. Bawa linaloinuka humo linaweza kukunjamana mita chache tu kutoka ardhini. Tulikaa, watu wa mabawa yote mawili, tukagawana chai ya chupa. Hakuna aliyemharakisha mwenzake, na hilo lilinifurahisha kuliko mengi niliyoyaona mlimani msimu huu.

Alasiri unga ule ukatulia, kisha ukaanza kupeperuka kuelekea upande wa pili. Tukaruka.

Hewa ya baridi ni nzito na laini. Bawa linakwenda kana kwamba liko juu ya reli. Theluji hulirudisha jua angani, kwa hiyo hewa ya kukuinua ni haba, nayo huitafuti juu ya weupe bali juu ya miamba mieusi na misitu. Nilipata kidogo tu juu ya mwamba wa upande wa kusini, nikazunguka nayo mara chache. Lifti niliipita mbali kabisa: kebo hazionekani vizuri juu ya theluji, na sivuki juu yake nikiwa chini hata kama njia ya mkato inanikonyeza.

Kesho lifti inafunguliwa saa tatu. Mimi nitatangulia kwa miguu kupitia msituni, begi mgongoni, na atakayetaka kunifuata anikute chini saa kumi na mbili.