Theluji Nyuma ya Nyumba ya Mwalimu

Ilikuwa Septemba 2021, miezi minne baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka usiku wa 22 Mei, nami hapa Goma nilikuwa nikihangaika kutafsiri shairi la Louise Glück, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2020, ambamo ua dogo jeupe linalochipuka mwishoni mwa majira ya baridi linasema lenyewe kwamba halikutazamia kupona chini ya uzito wa udongo. Nilifanya kazi kutoka Kifaransa, lugha inayoliita ua hilo perce-neige, yaani kitoboa-theluji, na hapo ndipo nilipokwama.

Nikampelekea daftari mzee aliyenifundisha ushairi sekondari. Alisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, theluji hii umeiona wapi?" Nilijitetea kwa Karisimbi, mlima wa mita 4,507 ambao asubuhi nyingine huonekana kutoka mjini ukiwa na utosi mweupe. "Iwe theluji, iwe mvua ya mawe," akanijibu, "ile huyeyuka kabla chai haijapoa. Ua lako limekaa chini miezi mingapi?" Niliudhika, maana wako kwetu washairi wanaoivaa theluji ya Ulaya kama koti la mtumba, mikono ikiwapwaya, nami sikupenda kuhesabiwa pamoja nao.

Akanichukua nyuma ya nyumba, ambako mwamba wa lava iliyoingia mjini 17 Januari 2002 ulikuwa ungali umelala, mweusi, wenye makali. Juu yake palitapakaa kimea cha rangi ya majivu, kikavu, kilichosokotana kama sufu. Nilipokigusa kilikatika vidoleni kwa mlio mdogo. Kando, katika ufa usioweza kupitisha kidole gumba, kangaga moja lilikuwa limechomoza, ncha yake ingali imejikunja.

"Hapa palikuwa jiko la marehemu mama watoto," alisema. "Miaka mingi sikuona hata unyasi."

Tulikaa kibarazani mpaka giza likaingia. Theluji niliiacha mahali pake, kwa kuwa ua lile ni la kule. Nilichofuta ni neno "baridi", ambalo nilikuwa nimelirudia mara tatu, na pale nilipoandika kwamba ua lilikuwa limelala nikaandika kwamba lilikuwa limezikwa. Mwalimu alisoma mstari ule kwa mwanga wa simu, akanirudishia daftari bila neno, kisha akaniomba nipite upande wa mbele nisije nikalikanyaga lile kangaga gizani.