Tulivyoendesha baiskeli Malawi na watoto watatu, na upepo uliotufundisha njia

Tangu tumerudi Julai naulizwa swali hilo hilo: mliwezaje kwenda nje ya nchi kwa baiskeli na mtoto wa miaka mitatu? Naandika ili nimjibu kila mtu kwa pamoja, na pia kwa sababu ushauri niliopewa kabla ya safari bado unanikera. Kazini, kanisani, hadi dukani ninaponunua sukari, niliambiwa "subirini wakue". Wakikua watakuwa na mitihani na marafiki zao, hawatataka tena kukaa nyuma ya mgongo wangu wakiimba. Wangu wa kwanza ana miaka tisa, wa pili sita, kitinda mimba mitatu. Huo ndio umri niliotaka.

Tunaishi Uyole, Mbeya. Nje ya nchi iliyo karibu nasi ni Malawi, kilomita mia na ushee hadi mpakani Kasumulu, kisha unavuka daraja la Mto Songwe. Baada ya hapo njia ya kwenda mji wa Karonga imenyooka kando ya Ziwa Nyasa, hakuna milima kama ya kwetu. Magari yanapita kushoto kama huku, viza Mtanzania haombi, na watu wa upande ule ni Wangonde, ndugu wa damu wa Wanyakyusa. Mimi nimekulia Tukuyu. Nilipomsalimu mama wa kwanza pale ng'ambo, "mugonile", akaitika kama tumelala nyumba moja.

Pasi za kusafiria ndizo zilizotula muda. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, saini zangu na za baba yao, picha, kurudi tena kwa sababu jina moja lilikosewa herufi. Tulilipa 150,000 kwa kila pasi, na sisi ni watano. Hiyo peke yake ilizidi gharama zote za barabarani, kwa hiyo anza nayo mapema, miezi mitatu kabla.

Baiskeli mbili kubwa tulikuwa nazo, ya binti tuliipata kwenye mtumba Mwanjelwa, ya gia. Yeye aliendesha mwenyewe, wa pili alikaa kwa baba yake, mdogo kwangu. Mizigo ilining'inia ubavuni mwa keria, begi moja kila upande, nguo mbili mbili tu kwa kila mtu.

Kitu nilichokiogopa kuliko magari ni spoki. Nimewahi kuona kisigino cha mtoto wa jirani kilivyochunwa na gurudumu la nyuma, na sitaki kukiona tena. Fundi wa kwanza aliniambia nimfunge mtoto miguu kwa kitambaa. Nikakataa. Nikajaribu mwenyewe kuziba pembeni mwa gurudumu kwa kiroba cha mchele, nikakishona vizuri kwa sindano ya gunia, nikajiona nimemaliza. Tulipokuwa tunashuka kutoka Igawilo kujaribu, kiroba kikanyonywa na mnyororo, gurudumu likakaza ghafla, tukaenda mpaka kwenye nyasi. Mtoto hakuumia. Mimi mikono ilitetemeka mpaka usiku.

Fundi wa pili, mzee mmoja mtulivu, ndiye aliyelimaliza tatizo. Alichukua dumu la njano la mafuta ya kula la lita 20, akalipasua likawa vipande viwili vipana. Akavipitisha juu ya jiko la mkaa, mbali kidogo na makaa, mpaka plastiki ikalegea kama chapati ambayo haijaiva, akavibana kwenye gurudumu vifuate duara lake. Alitoboa matundu kwa msumari wa moto, akafunga kwa waya kwenye keria juu na kwenye fremu chini, ncha za waya akazigeuzia ndani zisikwaruze. Juu yake akaweka kijiti cha chuma cha kukanyagia, kila upande. Alinidai elfu kumi na kitu. Nikampa na ya soda, na ningempa zaidi kama ningekuwa nayo.

Shule zilipofungwa Juni tukapakia kila kitu kwenye kirikuu mpaka Kasumulu. Kuna waliotusema kwamba tumedanganya, kwamba tungeshuka Tukuyu kwa baiskeli. Barabara ile ina kona na malori ya mizigo yanayoelekea mpakani. Watoto wangu siwapeleki pale kwa sababu ya sifa.

Kwenye kubadilisha hela, hesabu mwenyewe noti moja moja kabla hujaachia shilingi zako. Mimi sikuhesabu, bunda la kwacha likapungua.

Sasa niseme kuhusu siku ya kwanza, maana hapo ndipo mipango yangu yote ilipovunjika. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari: darajani mpaka Karonga, kasoro kidogo ya kilomita 50, siku mbili, kisha kusini zaidi siku mbili, halafu turudi kwa gari. Niliyemuuliza kuhusu hali ya hewa, mtu anayesafirisha bidhaa njia ile kila wiki, aliniambia Juni ni kavu, na ziwani kuna upepo mzuri wa kuburudisha. Kavu ilikuwa kweli. Lakini yeye husafiri kwa gari.

Tulivuka saa tatu, saa ya Malawi ikawa saa mbili, kwa sababu wao wako nyuma yetu saa moja. Watoto walifurahi kwamba wameongezewa saa. Tulipoacha nyumba za mpakani na mashamba ya mpunga yakafunguka, upepo ukatupiga usoni, na haukuacha. Haukuja kwa vipindi kama wa Mbeya. Ulisukuma tu, mfululizo, kama mkono umewekwa kifuani. Binti yangu alikanyaga pedali barabara tambarare kama anapanda mlima Loleza. Mdogo mgongoni kwangu alifunikwa vumbi, akalia mpaka sauti ikamkauka. Mume wangu, ambaye haongei sana, alitangulia mbele ili mwanetu ajifiche nyuma yake, lakini mtoto wa miaka tisa hawezi kubaki mita moja nyuma ya gurudumu la mtu muda wote. Saa sita mchana tulikuwa tumekwenda kilomita saba. Binti akaweka baiskeli chini, si kwa hasira, akailaza taratibu kama mgonjwa, akakaa pembeni yake. "Mama, mimi siwezi. Nisamehe." Hilo neno nisamehe liliniuma. Kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyepanga.

Tulisukuma mpaka Kaporo, giza likatukuta njiani kwa sababu saa yao ya kumi na moja na nusu jua limeshazama. Kesho yake chini ya mwembe walikuwepo vijana wa kabaza, ndivyo wanavyoita baiskeli za abiria kule. Mmoja akaniuliza tunaelekea wapi. Nilipomwambia Karonga na mbele, akacheka kwa upole.

"Mama, huo ni mwera. Utavuma mpaka Agosti. Sisi abiria wa kwenda huko tunamtoza zaidi, wa kurudi huku tunampunguzia."

Nikamwomba arudie. Nauli mbili za barabara moja! Mwera unatoka kusini mashariki, na ziwa lile, kwetu Nyasa, kwao Malawi, lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, milima imelibana pande zote mbili. Upepo unapita humo kama maji kwenye mfereji, na sisi tulikuwa kwenye mdomo wake wa kaskazini. Watu wanaoishi kwa miguu yao walishaupigia hesabu mpaka kwenye bei, na mimi nilikwenda kumuuliza mtu wa gari.

Pale pale nikaligeuza daftari juu chini. Tukapanda matola, pikapu ya abiria, usukani wa kila baiskeli tumeufunga khanga usikwaruzane, tukapita Karonga bila kushuka, tukaenda mpaka Nyungwe kusini. Baiskeli zililipiwa kama abiria nusu nusu, sikumbuki vizuri, ilikuwa hela ndogo. Tukalala. Alfajiri tukaelekea kaskazini, kwetu.

Sijui nieleze vipi furaha ile. Khanga niliyomwekea mdogo kama kivuli ilituna mbele yetu kama tanga. Binti aliacha kukanyaga, akanyoosha miguu pembeni, na baiskeli ikaendelea kwenda. Masikioni kukawa kimya kabisa, nikasikia mnyororo wangu na mwanangu akihesabu ng'ombe. Kilomita 20 ziliisha kabla ya saa nne. Upepo ukiwa nyuma yako hauuhisi mwilini, kwa hiyo jua linakuchoma kimyakimya. Tulianza kila siku kunapopambazuka, saa nne tuko kivulini, maji lita nne kwa watu watano kabla ya kifungua kinywa cha pili.

Karonga tulipumzika siku mbili. Nenda makumbusho, usiache: kuna mfano wa mifupa ya Malawisaurus uliounganishwa, dinosaria aliyechimbwa wilaya hiyo hiyo, na wangu wa pili alisimama chini ya shingo yake nusu saa. Hotelini wali ulikuwa wa mchele wanaouita Kilombero, ndio wanaojivunia, na samaki chambo. Jioni hewa ilipotakata tuliiona Milima ya Livingstone ng'ambo ya ziwa. Mdogo aliuliza kama bibi anatuona.

Watoto wa baridi kama wetu hawajazoea malaria, hivyo vyandarua vyetu tulibeba, vyenye dawa, na tulimuona daktari kabla ya kwenda na tuliporudi. Ziwani niliwazuia kwenye matete na maji yaliyotulia kwa sababu ya konokono wa kichocho. Hata hivyo miguu waliitia, kwa hiyo daktari akatuambia turudi baada ya miezi miwili kwa dawa. Tumekwenda, tumemeza.

Siku ya mwisho tulipita pale pale binti alipoilaza baiskeli. Alipatambua kabla yangu. Hakusimama, alipiga kengele mara mbili akapita, na alipofika darajani alitusubiri dakika kumi nzima, baiskeli ameiegemeza ukingoni, akimwonyesha askari wa mpakani dumu la njano kwenye gurudumu langu.